Asimamishwe Nani, kwa Kosa Gani?

Asubuhi ya tarehe 4 Aprili 2022, mjini Grand Rapids katika jimbo la Michigan, askari wa doria aliona gari ambalo kibao chake cha namba, kwa mujibu wa kompyuta ya polisi, hakikuwa cha gari lile. Akaliwashia taa. Aliyekuwa kwenye usukani ni Patrick Lyoya, kijana wa miaka 26, mkimbizi wa Kongo aliyefika Marekani na familia yake mwaka 2014. Dakika chache baadaye alikuwa amelala kifudifudi mbele ya nyumba ya watu, askari yuko juu ya mgongo wake, na risasi moja ikampiga kisogoni. Baba yake, Peter Lyoya, alipokutana na waandishi wa habari alizungumza Kiswahili, na mkalimani akatafsiri. Watu wetu walioko kule, waliotoka Bukavu, Uvira, Bujumbura, Kigoma na Mombasa, walimwelewa mzee yule kabla mkalimani hajafungua kinywa.

Askari huyo, Christopher Schurr, alishtakiwa kwa mauaji ya daraja la pili. Mei 2025 juri ilishindwa kukubaliana, na wiki mbili baadaye mwendesha mashtaka akatangaza kwamba kesi haitarudiwa. Mahakamani ilizungumzwa sana ile risasi, pamoja na mvutano wa kugombania kifaa cha umeme cha Taser uliotangulia. Mimi nataka turudi nyuma zaidi, pale taa zilipowashwa. Kusimamishwa kule kulikuwa kunamlinda nani barabarani?

Swali hili nimewapa watu watatu walijadili. Watu wenyewe nimewatunga. Hoja zao sikuzitunga, ndizo zinazogombaniwa Marekani kila panapotajwa polisi na barabara. Wa kwanza ni muuguzi wa chumba cha dharura, mama wa Kikenya asiyezunguka na maneno. Wa pili ni dereva wa lori, mzaliwa wa Uvira. Wa tatu ni wakili kijana, binti aliyezaliwa katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma na kukulia Michigan.

MUUGUZI: Nianze mimi, maana najua mnakoelekea, na sitaki tufike huko kabla sijasema langu. Kazi yangu ni ya usiku. Ambulensi ikileta mtu wa ajali, tunakata nguo zake kwa mkasi kuanzia upindo wa suruali mpaka kiunoni, kwa sababu huwezi kumgeuzageuza mtu ambaye hujui shingo yake ikoje. Nguo zinaingia kwenye mfuko wa plastiki, tunaubandika jina, tunauweka kando mpaka ndugu waje. Mifuko hiyo nimeikabidhi kwa mikono yangu. Mwaka 2021 watu zaidi ya 42,000 walikufa barabarani nchi hii, na 2022 vilevile. Mwaka 2020, wakati wa korona, magari yalipungua sana, tukategemea vifo vipungue. Vikaongezeka. Barabara zilikuwa tupu, watu wakakimbiza magari, na katika miji mingi polisi walikuwa wamepunguza kusimamisha. Tena ukilinganisha na idadi yao, watu weusi ndio waliozidi kufa. Sasa anayeniambia haki ya rangi ni kumwondoa trafiki barabarani, namwuliza ni haki ya nani.

WAKILI: Shangazi, hakuna hapa aliyesema trafiki aondolewe.

MUUGUZI: Wapo waliosema.

WAKILI: Wapo, kweli. Mwaka 2020 jiji la Berkeley, California, lilitaka kazi hiyo wapewe raia wasio na bunduki, likakwama kwenye sheria za jimbo. Mimi sijafika huko. Ninachouliza ni kwamba askari aliyesimama barabarani anatafuta nini. Mtu anayekimbiza gari maili 60 kwa saa mbele ya shule na mtu ambaye taa yake ndogo ya kibao cha namba imeungua, wote wanawashiwa taa zilezile, na anayewaendea dirishani ana bunduki ileile. Ila mmoja wao ndiye anayekujazia ile mifuko yako, na mwingine hana habari na chumba chako cha dharura.

DEREVA: Hapo naomba niingie, kwa sababu mimi nimekaa pande zote mbili. Kazini ninavuta tela la futi 53. Nikiingia jimbo jingine nakuta mizani. Ishara ikiwaka unaingia: Mzungu anaingia, Mpunjabi anaingia, Mkongo anaingia. Wanapima ekseli, wanachungulia breki, wanasoma saa nilizoendesha kwenye kile chombo cha elektroniki tulicholazimishwa kufunga tangu Desemba 2017. Breki ikiwa mbovu, lori halitoki pale. Nimewahi kuzuiwa kwa ajili ya taa za tela. Nililipa, nikatengeneza, nikaondoka bila kinyongo, maana aliyekuwa mbele yangu na aliyekuwa nyuma yangu walipita palepale, wakaangaliwa vilevile. Nikirudi nyumbani nikachukua gari langu dogo, mambo yanageuka. Hapo hakuna mizani ya watu wote. Askari anaweza kunifuata mitaa sita, nami najua anasubiri nikosee kitu.

MUUGUZI: Na ukikosea?

DEREVA: Ukiendesha mitaa sita huku unafuatwa, dada, lazima utakosea.

Maneno hayo ya dereva yana sheria nyuma yake, na wakili anaijua. Nimemwachia nafasi aeleze kwa urefu, kwa sababu wengi wa watu wetu wanaoishi Marekani wanasimamishwa bila kujua ni mlango gani wa sheria umetumika.

WAKILI: Mwaka 1996 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi iitwayo Whren. Askari wa dawa za kulevya mjini Washington, wamevaa kiraia, kwenye gari lisilo na alama, waliwatilia shaka vijana wawili weusi. Gari la vijana lilikaa kwenye alama ya kusimama kwa sekunde zaidi ya 20, likakata kona bila indiketa, likaondoka kwa kasi. Hayo ndiyo yaliyowapa askari mwanya. Majaji wote tisa wakasema: askari akishaona kosa la barabarani, hata dogo namna gani, kusimamisha ni halali, na mahakama haitamwuliza moyoni mwake alikuwa anawinda nini. Sheria za barabarani za kila jimbo ni kitabu kinene. Mna taa ya namba, mna ufa wa kioo, mna kimanukato kilichoning'inia chini ya kioo cha ndani, mna stika ya usajili iliyopitwa na mwezi. Hakuna dereva anayemaliza siku bila kuvunja kitu humo. Kwa hiyo anayechagua asimamishwe nani si kitabu, ni jicho la askari. Tunaita kusimamisha kwa kisingizio.

DEREVA: Na jicho linaona rangi.

WAKILI: Hilo limepimwa, mzee. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walikusanya rekodi za karibu mara milioni 100 ambazo polisi wa miji na majimbo mbalimbali walisimamisha magari, wakatoa matokeo mwaka 2020. Walitumia njia rahisi kueleweka. Chukua saa moja jioni. Desemba ni giza, Juni jua bado liko juu. Wanaotoka kazini ni walewale, barabara ni ileile, saa ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba kwenye giza askari haoni sura ya aliye ndani ya gari. Wakakuta sehemu ya madereva weusi kati ya wanaosimamishwa inashuka giza likiingia. Wakaangalia na upekuzi. Weusi na Walatino walikuwa wanapekuliwa kwa ushahidi mdogo kuliko Wazungu. Hapa Grand Rapids kwenyewe, uchunguzi ulioagizwa na jiji ulionyesha mwaka 2017 kwamba dereva mweusi ana uwezekano mara mbili wa kusimamishwa. Miaka mitano kabla ya Patrick.

MUUGUZI: Mwanangu, sibishi kwamba ubaguzi upo. Mimi mwenyewe nimesimamishwa nikiwa na sare ya hospitali, nikaulizwa gari ni la nani. Ila usinifanye nisahau jingine. Daktari aliyempima yule kijana alikuta kilevi kwenye damu yake kiasi cha 0.29. Kikomo cha sheria ni 0.08. Ni zaidi ya mara tatu. Asubuhi, siku ya kazi! Kama asingesimamishwa, huenda angemfikisha mtu kwangu.

Naukubali uzito wa maneno haya, na sitaki mjadala huu uyapite kama haukuyasikia. Kwenye jamii zetu kule jambo la kilevi linafunikwa kwa heshima ya marehemu, na kufunika huko kunatudhoofisha, maana upande wa pili utalitaja hata tusipolitaja.

DEREVA: Dada, ni kweli. Mimi naendesha lori; mlevi barabarani ananitisha kuliko askari. Lakini tazama ile video. Askari hakusema gari lilikuwa linayumba, wala hakuuliza kuhusu pombe. Alisema namba haifanani na gari. Kama angekuwa analinda barabara dhidi ya walevi, kuna kazi ya namna hiyo inayojulikana: unamfuata anayeyumba, unamwomba apulize, ukimkuta na kilevi unamweka ndani, kesho anafikishwa kwa hakimu. Na kuna jambo la pili linaloniuma. Patrick alishuka kwenye gari. Askari akaanza kumwambia arudi ndani, akamwuliza kama anajua Kiingereza. Vijana wanaokuja kutoka kambini nawafundisha kanisani: ukiwashiwa taa, washa indiketa, sogea kando, zima injini, usiku washa taa ya ndani, weka mikono juu ya usukani ionekane. Leseni usiitafute mpaka uambiwe. Na usishuke! Hilo la mwisho nalirudia, kwa sababu kwetu Uvira, na hata ukivuka ziwa ukafika Kigoma, ukipigwa mkono unashuka, unamfuata afande, unamsalimia, mnaongea. Kubaki umekaa ndani ni kumdharau. Hapa heshima ile ndiyo inayomshtua askari.

WAKILI: Na askari aliyefundishwa kwamba kila gari linaweza kuwa na bunduki ndani hana nafasi ya kuisoma heshima hiyo. Ndiyo maana nasema kila kusimamisha kuna gharama, kwa askari na kwa dereva, na gharama hiyo ilipwe kwa jambo linalostahili. Philando Castile, msimamizi wa chakula cha watoto katika shule moja ya Saint Paul, alisimamishwa Julai 2016 kwa taa ya breki. Askari alikuwa ameshasema kwenye redio kwamba dereva anafanana na mshukiwa wa wizi kwa sababu ya pua yake pana. Akampiga risasi, akamwua, mbele ya mpenzi wa Castile na mtoto mdogo. Mwaka uliofuata askari huyo aliachiwa huru na juri. Waandishi wa redio ya taifa, NPR, walifukua rekodi za Castile wakakuta kabla ya siku ile alikuwa amesimamishwa mara 46. Kati ya hizo ni sita tu zilizotokana na kosa ambalo mtu angeliona akiwa nje ya gari.

MUUGUZI: Arobaini na sita!

WAKILI: Na hakuumiza mtu barabarani. Faini juu ya faini, leseni inafungiwa kwa kutolipa, anaendesha bila leseni kwa sababu lazima afike kazini, anasimamishwa tena kwa kukosa leseni. Ripoti ya Wizara ya Sheria juu ya Ferguson, Missouri, ya Machi 2015, ilieleza jiji lililokuwa likiendesha bajeti yake kwa njia hiyo. Weusi walikuwa asilimia 67 ya wakazi na asilimia 85 ya waliosimamishwa kwenye magari.

DEREVA: Michigan nayo ilikuwa hivyo. Tangu Oktoba 2021 wameacha kufungia leseni kwa faini nyingi zisizolipwa. Kanisani kwetu kuna mama alipata leseni yake baada ya miaka, akalia kama aliyepewa uraia.

MUUGUZI: Basi hebu nielezeni. Tumesema askari asihangaike na taa na stika. Nani sasa atawazuia wale wanaokimbiza? Wagonjwa wangu hawakugongwa na stika. Mtembea kwa miguu akigongwa na gari linalokwenda maili 23 kwa saa, hatari ya kufa ni kama asilimia 10. Kwa maili 42 ni nusu kwa nusu. Mwendokasi ndio unaoua. Nataka jibu la mwendokasi, siyo la haki peke yake.

WAKILI: Jibu lipo Fayetteville.

Hapa nimewasimamisha wote kidogo, kwa sababu kisa cha Fayetteville, North Carolina, kinastahili kujulikana na kila anayezungumza Kiswahili Marekani. Ni mji wa wanajeshi, jirani na kambi ya Fort Bragg, wenye wakazi weusi wengi na historia mbaya ya magari ya watu weusi kupekuliwa. Mwaka 2013 alikuja mkuu mpya wa polisi, Harold Medlock. Hakuwaambia askari wake waache kusimamisha magari. Aliwaambia wasimamishe zaidi, ila wafuate makosa yanayoua: mwendokasi, kupita taa nyekundu, kutosimama penye alama, ulevi. Taa zilizoungua na usajili uliopitwa na wakati viwekwe mwisho. Aliiomba pia Wizara ya Sheria ije ikague idara yake, jambo ambalo wakuu wengi wa polisi hulikwepa mpaka walazimishwe. Aliondoka mwishoni mwa 2016, na mwaka 2020 watafiti walichapisha hesabu ya miaka hiyo wakiilinganisha na miji mingine ya jimbo lilelile. Vifo na majeruhi wa barabarani walipungua kuliko ambavyo ingetarajiwa. Pengo kati ya weusi na Wazungu kwenye kusimamishwa likapungua. Uhalifu mwingine haukupanda, ingawa ndio uliokuwa tishio la kila aliyepinga mpango huo.

Sababu yake ni ya kawaida kabisa. Askari ana saa nane za zamu. Dakika anazokaa nyuma ya gari la mtu akiandika faini ya taa iliyoungua hawezi kuwa penye njia panda ambako watu wanapita taa nyekundu. Na mwendokasi hupimwa kwa rada. Rada haichagui sura, kwa hiyo kadiri kazi inavyohamia kwenye vitu vinavyopimika, ndivyo jicho linavyopungukiwa na la kuchagua. Kwangu mimi, usalama wa muuguzi na haki ya dereva ni kazi moja ya askari mmoja. Tukiwaacha wanasiasa watupangie kwamba lazima tuchague kimojawapo, tutakosa vyote viwili.

MUUGUZI: Hilo la Fayetteville nalikubali. Lakini kama rada haichagui, mbona hamkubali kamera moja kwa moja? Kamera haina bunduki. Hakuna wa kushuka kwenye gari, hakuna wa kuuliza Kiingereza. New York wameweka kamera maeneo ya shule, tangu Agosti 2022 zinafanya kazi usiku na mchana, faini dola 50, haziingizi alama mbaya kwenye leseni. Na jiji linasema palipo na kamera mwendokasi umeshuka kwa zaidi ya asilimia 70.

DEREVA: Hapo ndipo tunapoachana, dada. Kamera inamwona kila mtu, sawa. Ila nani aliyechagua mahali pa kuifunga?

WAKILI: Chicago imetufundisha hilo. Mwaka 2022 waandishi wa ProPublica walionyesha kwamba kaya za maeneo yenye weusi na Walatino wengi zilipata notisi za kamera kwa kiwango cha karibu mara mbili ya maeneo ya Wazungu. Kamera hazikuwa zinajua rangi. Barabara za maeneo yale ndizo pana, njia nne, karibu na barabara kuu, hazina miti wala vivuko, zimejengwa kama za kukimbilia. Mtu anajikuta anakwenda maili 40 bila kukanyaga sana mafuta. Faini ya kwanza haikuumizi. Ukichelewa inaongezeka maradufu, inageuka deni, deni linafungia gari.

MUUGUZI: Na waliogongwa kwenye barabara hizo pana ni nani? Ni watoto wa maeneo yaleyale. Ukiondoa kamera hapo kwa jina la haki, unawaachia weusi makaburi.

DEREVA: Sijasema iondolewe. Nimesema faini ya dola 50 kwa daktari ni chakula cha mchana. Kwa anayesafisha ofisi za daktari ni umeme wa wiki nzima. Nani atamwambia huyo kwamba mmemtendea sawa?

Ubishi huu wa wawili hawa nimeupitia mara nyingi kichwani na sijaona mmoja wao aliyekosea. Lakini ipo sheria inayojaribu kuwashika wote. Mwaka 2023 California iliruhusu kamera za majaribio katika miji sita, ikiwemo Los Angeles, Oakland na San Francisco. Faini inaanzia dola 50 kwa anayezidisha kikomo kwa maili 11 kwa saa. Maskini hupunguziwa kwa kiwango kikubwa. Picha inapigwa ya kibao cha nyuma tu, sura ya dereva haichukuliwi. Fedha zinazopatikana zinapaswa kutengeneza barabara zenyewe, kupunguza upana na kuweka vivuko. Ningependa kuona kila jimbo lenye wakimbizi wetu likianzia hapo, na likiwa tayari kung'oa kamera ambayo baada ya miaka miwili inakusanya pesa bila kupunguza mwendo.

DEREVA: Sawa. Lakini turudi kwenye namba ya Patrick. Ndugu mmoja kanisani aliibiwa Kia yake, zile zilizokuwa zinaibiwa na watoto kwa waya tu. Alitaka polisi wakague kila kibao. Namba isiyofanana na gari si inaweza kuwa gari la wizi?

WAKILI: Inaweza. Na gari lililoripotiwa kuibiwa likionekana, lisimamishwe. Huo ni wizi, siyo kosa la barabarani. Ila namba isiyofanana, bila ripoti ya wizi, mara nyingi ni mtu aliyenunua gari lililotumika Jumamosi, ofisi ya usajili imefungwa, akafunga kibao cha gari lake la zamani ili Jumatatu afike kazini. Huyo mwandikie barua. Kompyuta iliyomwambia askari kwamba namba haifanani inayo pia anwani ya mwenye namba.

MUUGUZI: Barua zinapuuzwa.

WAKILI: Zinapuuzwa na wengine. Tuwatafute hao kwa faini ya pili. Si kila anayepuuza barua anahitaji mtu mwenye bunduki dirishani. Virginia imeshafanya hivyo kwa makosa kadhaa madogo tangu Machi 2021: askari haruhusiwi kusimamisha kwa sababu ya kosa hilo peke yake. Philadelphia ikafuata, ikawa jiji kubwa la kwanza, kwa makosa manane. Ann Arbor, saa mbili tu kutoka hapa kwa gari, ilipitisha ya kwake 2023. Memphis nayo ilipitisha mwaka huohuo, baada ya polisi kumpiga Tyre Nichols mpaka akafa. Wabunge wa jimbo la Tennessee wakaifuta 2024. Kwa hiyo ushindi wa baraza la jiji unaweza kunyang'anywa juu.

DEREVA: Na Minnesota walifanya kitu ambacho mimi nakipenda zaidi ya sheria zote hizo. Baada ya Castile, walianzisha mpango wa Lights On. Askari akiona taa yako imeungua anakupa vocha, unakwenda gereji, balbu inabadilishwa bure. Kama shida ni taa, hiyo imetatua taa. Kama shida ilikuwa mimi, basi itajulikana.

MUUGUZI: Mmenisogeza, nakiri. Lakini tukipeleka ombi kwa baraza la jiji, sitii sahihi kama linasema tu polisi wasifanye hiki na kile. Nataka liseme wafanye nini. Nataka ile barabara ya njia nne inayopita mbele ya maghorofa ya wakimbizi ipunguzwe iwe njia mbili, iwekwe kivuko chenye taa, na mpaka ijengwe, trafiki asimame pale jioni na rada yake. Awasimamishe wanaokimbiza, wote, Mkongo na Mzungu.

WAKILI: Nalianza na hilo. La pili, polisi watangaze kila robo mwaka wamesimamisha nani, kwa kosa gani, wamepekua nini na wamekuta nini. La tatu, askari aseme sababu ya kusimamisha kabla hajauliza swali jingine lolote. California wameifanya kuwa sheria tangu Januari 2024. Dereva anayejua sababu hatetemeki sana.

DEREVA: Ongeza na hili. Notisi ya faini ije na karatasi ya Kiswahili. Nimewaona wazee wanazipokea, hawajui kama ni tangazo la duka au ni mahakama, wanaziweka juu ya friji. Baada ya miezi mitatu mtu ana hati ya kukamatwa.

WAKILI: Naongeza. Kikao cha baraza la jiji ni Jumanne, na kila anayesimama anapewa dakika tatu.

MUUGUZI: Jumanne nina zamu ya usiku. Nitapita hapo nikiwa na sare yangu ya kazi, niongee wa kwanza. Kisha wewe, kaka, uwaelezee ile mizani.